Chuma Chakavu? Hapana, Hiyo ni Historia Yetu

Wasee, acheni niwaambie kitu kimoja. Wakati unasoma hii, kuna gari la mtu linapimwa kwa kilo mahali fulani. Litakatwa vipande na kuyeyushwa, na hakuna mtu ataulizwa lilibeba nani au lilifika wapi.

La guka wangu nusura liwe hilo.

Ni Peugeot 404, pickup. Ilikuwa imekaa chini ya mti wa avocado huko ushago tangu kabla sijazaliwa. Kuku walitagia ndani. Mwaka jana anko akapiga simu: mnunuzi wa chuma chakavu amekuja na mizani, anataka jibu kwa wiki moja. Na mimi, sitawadanganya, nikasema auze. Nilihesabu ile pesa kichwani nikaona simu mpya.

Kilichonigeuza ni cucu. Aliniambia kwa upole, "Hiyo gari ndiyo ilisomesha baba yako." Basi. Hakuongeza neno. Nikaanza kuuliza maswali ambayo ningeuliza guka akiwa hai.

Kumbe ile pickup ilikuwa matatu. Wengi husema jina lenyewe lilitokana na nauli ya zamani, senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Kwa miaka mingi matatu zilikuwa zinajificha, kwa sababu hazikuwa na leseni ya kubeba abiria. Halafu mwaka 1973 Rais Kenyatta akatangaza kwamba zinaweza kubeba watu bila leseni hiyo. Wenye pickup wakaenda kwa fundi, wakachomelewa benchi mbili huku nyuma na paa la kuzuia mvua, kazi ikaanza. Guka alikuwa mmoja wao. Ukiona matatu leo ina skrini na muziki wa kutikisa kifua, jua babu yake ni pickup yenye benchi za mbao.

Na kwa nini 404? Hapa ndipo nilipozama kabisa. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na ilikuwa inazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Matope, vumbi, mawe, usiku na mchana. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote hiyo miwili aliyeshinda ni Nick Nowicki, na gari lake lilikuwa Peugeot 404. Kati yake, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland wa Tanzania, pia kwa 404. Sasa wewe ni mkulima au mfanyabiashara, umeona gari limepita barabara yenu mbovu likashinda mara nne. Utahitaji tangazo gani lingine?

Lakini stori ninayoipenda zaidi ni ya 1965. Joginder Singh alizaliwa Kericho, akajifunza ufundi katika gereji ya babake. Mwaka huo yeye na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Timu ya Volvo ilikuwa imeshaikimbiza katika Safari ya mwaka uliotangulia. Ni kama mtumba, tuseme ukweli. Ndugu wawili wakaishughulikia, wakaingia barabarani, wakashinda. Joginder alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Tunamkumbuka kama dereva, lakini mimi naona fundi kwanza. Mtu anayejua sauti ya kila nati hashangazwi na gari lake katikati ya pori.

Nikauza kamera yangu. Ndiyo maana siku hizi mnanisoma badala ya kuniona. Mamangu alinyamaza siku tatu, kisha akauliza kama karo ya mdogo wangu nayo italipwa na gari bovu. Sikuwa na jibu zuri, na bado sina.

Tuliivuta hadi kwa fundi mmoja mzee ambaye alianza kazi akiwa kijana na hizi Peugeot. Wiki ya kwanza hatukufungua kitu. Tulimwagia bolti mafuta tu, kila asubuhi, tukingoja kutu ilegee. "Ukilazimisha itakatika, kijana," aliniambia. "Na bolti ikikatika ndani, utalia." Injini ya 404, ya sisi 1618, imelazwa upande kwa nyuzi 45, sio wima kama nyingi. Pistoni zilikuwa zimeng'ang'ana. Kabureta ilikuwa na udongo. Spea nyingine tulizisaka Grogan duka baada ya duka, nyingine alizichonga mwenyewe.

Siku ya bodi tukakosana. Mzee alitaka kukata vyuma vya benchi na kuziba matundu, gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani Ufaransa. Ni kweli ukienda Ngong Racecourse wakati wa Africa Concours d'Elegance, utaona magari na pikipiki za kale zinang'aa kama zimetoka dukani jana. Nazipenda. Hizo zina wenyewe, na kazi yao naiheshimu sana.

Lakini nikamwambia, "Mzee, kama ilivyotoka Ufaransa sio historia yetu. Historia yetu ni hayo matundu."

Alinyamaza. Akapitisha kidole kwenye ule uchomeleaji wa zamani, akacheka. "Huyu fundi alikuwa na haraka," akasema. Kisha akazima grainda.

Hapo ndipo nilipoelewa. Majina ya mafundi waliogeuza pickup kuwa matatu hayako kwenye vitabu vyetu vya shule. Sahihi yao iko kwenye chuma. Ukiyeyusha chuma, umefuta sahihi. Na usidhani utaagiza lingine: sheria yetu kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Zilizobaki ndizo hizi zilizo chini ya miti ya ushago.

Sisemi kila gari bovu liokolewe. Mengine yameoza kweli, na mtu akiwa na njaa hawezi kula kumbukumbu. Ninachosema ni hiki: kabla mizani haijafika, uliza. Lilikuwa la nani? Lilifanya kazi gani? Piga picha ya nambari na ya kila kiraka. Muulize cucu wakati bado yupo, mimi nilichelewa kwa guka.

Mwezi uliopita injini iliwaka. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikatulia. Cucu alikuwa ameketi kwenye benchi ya nyuma, mahali ambapo abiria waliketi. Hakusema lolote la maana. Alitoa mkono tu, kama kondakta, akaniambia, "Haya, leta nauli."