Nyota yenye herufi ya Uhuru

Kila nikitaja kituo cha anga cha Ngomeni, hapakosi mtu wa kuniuliza: Hivi wale Waitaliano wanafanya nini pale hasa? Leo nitajibu kwa nyota moja tu.

Nyota hiyo inaitwa 4U 0142+61. Zile tarakimu ni mahali ilipo mbinguni, mithili ya latitudo na longitudo za baharia. Ile 4 ni orodha ya nne. U ni Uhuru, na uhuru huo ni wetu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Warushaji walikuwa Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio. Setilaiti ilikuwa ya NASA, ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutafuta eksirei za angani. Kwa heshima ya siku ile ikapewa jina Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wake, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mimi naihesabu habari hii katika urithi wa Pwani, sawa na magofu ya Gede.

Kwa nini hapa? Ikweta iko karibu, na dunia inapozunguka huisukuma roketi bure. Tena setilaiti inayofuata ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe za mionzi zinazovuruga vipimo. Na kwa nini kupanda juu? Kwa sababu eksirei za nyota humezwa na hewa kabla hazijatufikia. Alhamdulillahi kwa hilo, lakini mwanafalaki aliyebaki ardhini haoni kitu.

Uhuru iliona vitu 339. Baadhi vilikuwa vikimetameta kwa mpigo, kama mnara wa taa bandarini: Cen X-3 kila sekunde 4.8, Her X-1 kila sekunde 1.24. Hizo ni nyota za nyutroni, mabaki ya nyota kubwa zilizolipuka. Moja ina uzito kuliko jua letu, ilhali ukiiweka kati ya Kilifi na Malindi itaenea na nafasi ibaki. Cen X-3 na Her X-1 hung'aa kwa kunyonya gesi ya nyota jirani.

Ile yetu ya 4U 0142+61 ikabaki namba tu katika orodha. Miaka ya 1990 ndipo mpigo wake ulipogunduliwa, kila sekunde 8.7, na hapo wataalamu wakakwama. Jirani wa kunyonywa haonekani. Mzunguko wake nao ni wa polepole mno. Nguvu inayopotea humo haitoshi kulipia eksirei inazotoa. Sasa inakula nini?

Jibu lilikuwa limeshapendekezwa mwaka 1992 na Robert Duncan na Christopher Thompson: inakula sumaku yake yenyewe. Nyota za namna hii wakaziita magneta. Ushahidi ulikuja mwaka 1998, pale Chryssa Kouveliotou na wenzake walipopima eksirei za nyota nyingine, SGR 1806-20. Njia yao haina uchawi. Sumaku inayozunguka hujifunga breki. Ukipima mpigo leo na ukaupima tena baadaye, kile kiasi kilichochelewa kinakwambia sumaku ni kali kiasi gani. Ya dunia yetu haifiki gausi moja. Ya 4U 0142+61 hupita gausi trilioni 100.

Desemba 2021 Marekani na Italia wakarusha setilaiti ya IXPE, safari hii kutoka Florida. Yenyewe hupima upande ambao wimbi la eksirei linatikisika. Mvuvi mwenye miwani inayokata mng'ao wa maji anaijua kazi hii: kioo hupitisha mtikisiko wa upande mmoja na kuzuia wa upande mwingine. IXPE ilipoielekea 4U 0142+61, katika eksirei hafifu ilikuta mpangilio wa asilimia 15 hivi, katika kali asilimia 35 hivi, na katikati upande wenyewe ukageuka nyuzi 90. Watafiti, walioandika mwaka 2022, wanaona maelezo yanayofaa zaidi ni kwamba uso wa nyota ile ni mgumu na uko uchi, hauna hewa juu yake, na eksirei kali zimegongana na chembe zinazozunguka ndani ya sumaku.

IXPE nayo huzunguka juu ya ikweta, na kituo chake kikuu cha kupokelea data ni Malindi. Setilaiti iliyoiorodhesha nyota ile iliondokea hapa. Habari za uso wake zikateremkia hapa hapa, nusu karne baadaye.