Aliye Juu na Walio Chini

Bao la Kiswahili huchezwa kwa mashimo 32 na kete 64. Wawili huketi wakiuinamia ubao, na kwa kuwa macho yao yako juu, hakuna kete ifichikayo. Mchezo huo una kula na kutakata, tena una nyumba. Na zamu ikimfikia mwenye nyumba, yeye ndiye aamuaye kete zake zilale au zisafiri. Kete haziulizwi. Hiyo ndiyo ada ya mchezo, wala hakuna anayeumia.

Ndege ilipoingia vitani, ilimpa mwanadamu jicho hilohilo la mcheza bao, ila uwanja sasa ulikuwa nchi yenyewe. Katika Afrika ya Mashariki jicho hilo lilifunguka mapema, kati ya Mafia na Rufiji. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji. Kutoka baharini haikuonekana. Waingereza wakaleta ndege, kwanza katika kisiwa kidogo cha Niororo, kisha Mafia yenyewe baada ya kuitwaa Januari 1915.

Tarehe 11 Julai 1915 meli Severn na Mersey ziliingia mtoni na kupiga mizinga kwa shabaha wasiyoiona wapigaji. Aliyeiona alikuwa angani. Cull alirusha ndege, na mwenzake Arnold akapeleka habari kwa simu ya upepo: kombora limeanguka wapi, lisogezwe wapi. Ndege yao ilipopigwa, Arnold hakuacha kupeleka habari huku wakishuka, hata wakaangukia mtoni, wakaokolewa. Königsberg ilipondwa, na mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Ushujaa wa wawili wale haukanushiki. Lakini habari zao zilihusu jambo moja tu, nalo ni meli. Warufiji waliolima mpunga katika delta ile hawakuwa kete za upande wowote, ingawa mizinga ilipita juu ya nchi yao.

Miaka zaidi ya arobaini baadaye ndege nyingine ilipaa juu ya Ngorongoro, safari hii kwa amani. Atokaye Karatu huyaacha mashamba nyuma yake, akapita lango la Lodoare na kupanda msituni hadi ukingoni mwa kreta. Chini yake, mita zipatazo 600, nyumbu na nyati huonekana wadogo kama kete zilizomwagwa uwanjani. Hapo ukingoni pana kaburi la Michael Grzimek. Mwaka 1958 yeye na baba yake, Bernhard, waliwahesabu wanyama wa Serengeti na Ngorongoro kwa ndege ya Dornier iliyopakwa milia ya punda milia, ya aina iliyotumiwa sana na jeshi la Ujerumani Magharibi. Walihesabu wanyama zaidi ya 360,000. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai, na Michael akafa akiwa na umri wa miaka 24.

Kazi yao iliwafanya watu wa mbali waijali Serengeti, na hilo ni deni la kushukuriwa. Lakini Bernhard aliamini kwamba hifadhi ya taifa isikaliwe na watu, hata wenyeji wake. Mwaka huohuo wa 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti, na Ngorongoro ikatengwa iwe nchi ya wanyama, mifugo na watu kwa pamoja. Mwaka 1974 waliokaa ndani ya kreta walitolewa. Tangu 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni: serikali ikisema wamekwenda kwa hiari, na wengi wa waliobaki wakilikana neno hilo.

Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Cull na Arnold walishuka mtoni. Michael alishuka katika ardhi ileile aliyoihesabia wanyama, na baba yake akazikwa kando yake. Kutoka juu hesabu huwa nyepesi, kwani boma na kichuguu hukaribia kufanana. Lakini nyumba ya bao husafiri kwa mkono wa mchezaji, na nyumba ya mtu ina mwenyewe, naye huulizwa kwanza.