Radiogramu ya Marehemu Baba

Vijana huniuliza kwa nini nahangaika na radiogramu ya valvu aliyoniachia marehemu baba. Huwajibu kwa historia. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili, na santuri zake zikauzwa Afrika Mashariki. Baadaye bendi zetu zilirekodi kwenye kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini santuri zao nyingi zilifyatuliwa Nairobi. Basi sahani ikiharibika hapa Songea, kupata nyingine ni kazi.

Hilo nililifundisha darasani, nikalisahau nyumbani. Marehemu mke wangu alikuwa na santuri yake aipendayo. Sindano ilikuwa imekwisha. Alinisihi niibadili, nikampuuza. Sindano butu hula mifereji, na sauti hukaa humo.

Majuzi fundi mmoja wa mjini alibadili kapasita zilizokauka na kutia sindano mpya. Chombo kikaimba vizuri kama zamani. Nikaweka santuri ile: mkwaruzo mtupu, na wimbo kwa mbali.

Chombo hutengenezeka, ndugu msomaji. Kilicholiwa hakirudi. Badilisha sindano mapema.