Beetle haiwaki? Isikilize kwanza kabla hujanunua spea

Wadau, Volkswagen Beetle za kizamani bado tunaziona mitaani, ingawa ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Kinachoumiza ni hela. Gari ikigoma asubuhi mtu ananunua plagi, kesho koili, keshokutwa betri mpya, na gari bado imelala palepale! Usinunue kitu mpaka ujue kinachogoma ni kipi: umeme wa kuzungusha injini, moto wa plagi, au petroli.

Fungua swichi, angalia taa nyekundu ya dashibodi, halafu piga stata. Taa ikizima kabisa, au injini ikizunguka kivivu, anza na betri. Imefichwa chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, ndo maana wengi hawaikagui. Sugua vichwa vyake kwa msasa, kaza. Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma kama 12.6, ukipiga stata ikashuka chini ya 9.6 hivi, imechoka. (Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni volti 6, hesabu hiyo haziwahusu.) Na hakikisha kifuniko cha betri kipo, maana springi za kiti zikigusa vichwa hivyo pale mtu mzito anapokaa, kiti kinashika moto. Sitanii.

Betri nzima lakini bado inazunguka kivivu? Ingia chini, tafuta mkanda wa waya unaounganisha giaboksi na bodi. Injini na giaboksi zimekalia raba, kwa hiyo mkanda huo ukioza umeme unakosa njia ya kurudi, hata ufunge stata mpya.

Halafu kuna ugonjwa maarufu wa Beetle: asubuhi inawaka freshi, ila ukizima ikiwa ya moto, ukiwasha tena inasema "tik" basi. Umeme unatoka kwenye betri nyuma, unaenda mpaka kwenye swichi mbele, unarudi tena nyuma kwenye stata. Waya ukizeeka na joto likizidi, unafika umeisha nguvu. Mwambie fundi umeme afunge rilei karibu na stata. Ni bei ndogo kuliko stata.

Sasa kama injini inazunguka kwa nguvu ila haishiki, kagua moto wa plagi kabla hujagusa petroli. Chomoa waya wa katikati kwenye distributa, ushike kwa koleo lenye mpira mkavu, ncha iwe kama milimita 5 kutoka kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Cheche ya bluu yenye nguvu ni nzuri. Ikiwa dhaifu au hakuna, fungua distributa uangalie platini: zisafishe, nafasi yake iwe milimita 0.4. Mzee mmoja mtaani kwetu alikuwa anataka kuuza gari yake kwa bei ya chuma chakavu, kumbe ni platini tu zimeungua.

Moto upo? Zima swichi, toa chujio la hewa, vuta mkono wa kabureta huku unachungulia ndani. Petroli iruke kama kasindano. Isiporuka, fuata njia yake: tenki, chujio, pampu. Ikinuka petroli sana, imefurika. Kanyaga pedali mpaka chini, usipampu, piga stata.

Ila ule mchezo wa kumimina petroli kwa kifuniko cha chupa mdomoni mwa kabureta, kataeni jamani, hata kama fundi ni mjomba wako. Injini ikikohoa moto unarudi juu, usoni kwako. Na ukishafungua mlango wa injini, minya mipira ya petroli. Uliopasuka au kulegea unadondoshea distributa, penye cheche, na Beetle nyingi zimeteketea kwa sababu hiyo. Huo badilisha leo, hata kama gari inawaka.