Musoshi na Hitachi: shaba iliyounganisha miji miwili

Jioni moja familia iliyokimbia kutoka Mitwaba, ambayo sasa ni majirani zangu hapa Kasumbalesa, iliniuliza swali nililolijibu vibaya. Watoto hawana masomo siku za mapumziko, sasa waende kuona nini? Nikataja malori. Wote wakacheka, maana malori watoto hao wanayaona hata usingizini. Leo najaribu kujibu upya, na jibu lenyewe litapitia Ujapani kabla ya kurudi nyumbani.

Hapa jirani tuna Musoshi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kundi la makampuni ya Ujapani likiongozwa na Nippon Mining lilipatana na serikali ya Kinshasa ili lichimbe shaba upande wetu wa mpaka. Kampuni iliitwa SODIMICO, na nchi ilipoitwa Zaire ikawa SODIMIZA. Musoshi ilianza kutoa shaba mwaka 1972, Kinsenda ikafuata. Wajapani walikuja kwa mamia, wengi wao wanaume waliowaacha wake na watoto kwao. Lakini katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba duniani ilianguka, na mwaka 1975 vita vya Angola vikafunga reli ya Benguela iliyokuwa ikipeleka madini ya Katanga baharini. Mwaka 1983 Wajapani waliachia mgodi wakarudi kwao.

Kwao ni wapi? Kampuni hiyo ilizaliwa Hitachi, mji usio mkubwa kando ya Bahari ya Pasifiki, kaskazini ya Tokyo. Mwaka 1905 mtu anayeitwa Kuhara Fusanosuke alinunua mgodi mdogo wa shaba katika milima ya huko akaukuza. Karakana ya kutengeneza mashine za mgodi ule ndiyo iliyozaa, mwaka 1910, kampuni ya Hitachi, ambayo jina lake mnalisoma kwenye mashine za kuchimba za rangi ya chungwa zikipita hapa juu ya malori. Mwaka ule ule wa 1910 reli ilifika Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, na mwaka uliofuata kiwanda cha kuyeyushia shaba kikawashwa.

Hitachi nao walikuwa na kiwanda cha namna hiyo, na moshi wake uliua mashamba na misitu ya vijiji vya jirani. Wakulima hawakunyamaza. Walidai malipo mwaka baada ya mwaka, na mwishowe kampuni ikajenga juu ya mlima bomba la moshi la meta 155.7 ili moshi upande juu sana na kutawanyika. Lilimalizika mwishoni mwa 1914, na wakati huo hakukuwa na refu kulishinda duniani. Kisha wakapanda miti kwenye milima iliyokauka, hasa aina ya sakura inayovumilia moshi. Sakura ni mti wa maua meupe na ya waridi ambao Wajapani wanaupenda kupita kiasi.

Leo watu wanapanda treni kwenda Hitachi kuangalia maua hayo kila mwezi wa nne, katika bustani ya Kamine na kando ya barabara za mji. Mgodi ulifungwa mwaka 1981. Miaka minne baadaye, pale pale palipokuwa mashimo, ilifunguliwa nyumba ya makumbusho, na minara ya chuma iliyokuwa ikishusha wachimbaji chini bado imesimama. Bomba refu lilivunjika mwaka 1993, likabaki karibu theluthi moja. Hicho kipande nacho wageni wanakiangalia. Yaani ugomvi wa wakulima na kampuni umekuwa kitu cha kutembelea, na watoto wa shule wanauelewa.

Sasa turudi kwetu. Lubumbashi tuna shemine yetu na terili, ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Kila mgeni anavipiga picha. Lakini terili tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 inachimbwa tena kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani, kwa hiyo mlima uliojengwa na babu zetu unapungua. Na moshi wetu ulikwenda wapi? Upepo uliupeleka miaka mingi upande wa Penga Penga, mpaka udongo ukajaa metali na majani yakakataa kuota. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu huko kupanda nyasi na miti inayovumilia udongo huo. Ni kazi ileile ya Hitachi, ila sijaona mtu akimpeleka mtoto Penga Penga kumwelezea.

Na Musoshi? Wapo hapa Katanga watu wazima ambao baba zao walikuwa Wajapani wa mgodi, na mama zao walibaki wakiwalea peke yao. Baadhi yao wanatafuta jina la baba mpaka leo. Wanajulikana, wamezungumza hadharani, na hawaombi huruma, wanaomba karatasi. Kwangu mimi hao ndio historia ya Musoshi kuliko shimo lenyewe. Wazee waliofanya kazi na Wajapani wanazidi kupungua, na orodha za majina, picha na vitambulisho vya kazi vimelala katika masanduku ya nyumbani, panya wakivila.

Kwa familia ya Mitwaba, jibu langu la pili ni hili. Siku mkipata nafasi ya kufika Lubumbashi, karibu kilometa 90 kutoka hapa, ingieni Makumbusho ya Taifa. Waonyesheni watoto ile misalaba ya shaba ambayo mababu walitumia kama pesa karne nyingi kabla ya kampuni yoyote kufika. Na kama safari haiwezekani, kuna mzee mmoja mtaani kwetu aliyeshuka Musoshi miaka saba. Jumapili mchana anakaa mbele ya nyumba yake, na kitambulisho chake cha SODIMIZA bado anacho. Nimemwomba, amekubali watoto waje.