Tovuti za Serikali na Wananchi Ziliowaacha Nje

Mkazi wa Kimbiji mwenye shida ya ofisi anaijua gharama ya umbali. Kata hiyo iko pwani ya kusini ya Dar es Salaam. Kwa miaka mingi ilihesabiwa Temeke, na sasa imo Wilaya ya Kigamboni. Anayetaka kufika mjini hupanda bodaboda au daladala, kisha avuke kwa pantoni au apite Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016. Kwa anayetembelea kiti cha magurudumu au anayeongozwa na fimbo nyeupe, safari hiyo inadai msindikizaji, na msindikizaji naye ana nauli yake. Ndiyo maana tovuti ya serikali, ikitengenezwa vizuri, ina thamani kubwa zaidi kwake kuliko kwa jirani yake anayeweza kudandia gari na kurudi kabla ya adhuhuri.

Historia ya namna serikali ilivyozungumza na mtu huyu haikuanzia kwenye kompyuta. Ilianzia redioni. Baada ya Radio Tanzania Dar es Salaam kuwa chombo cha serikali mwaka 1965, mambo ya dola yaliwafikia watu kwa sauti: taarifa ya habari, hotuba, matangazo ya wizara. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliendeshwa kwa vikundi vilivyokaa pamoja vijijini kusikiliza redio na kujadiliana. Katika zama hizo asiyeona alipata habari za serikali saa ile ile na kwa namna ile ile kama mwenzake anayeona. Kiziwi hakupata, na hilo lisisahaulike. Lakini kwa wasioona, waliokuwa na chama chao tangu 1964, redio ilikuwa haki iliyotimizwa bila mtu kuipigania.

Kompyuta ziliingia serikalini katika mwaka huo huo wa 1965, katika Wizara ya Fedha. Mambo hayakwenda sawa, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mjadala wakati ule ulihusu fedha za kigeni na ufanisi. Nani ataweza kuzitumia halikuwa swali la mtu yeyote.

Umoja wa Mataifa ulipoutangaza 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, Tanzania iliitikia kwa sheria mbili zilizotungwa 1982, moja ya ajira na nyingine ya matunzo. Zilikuwa hatua njema kwa wakati wake. Ila zilimtazama mwenye ulemavu kama mtu wa kuajiriwa au wa kutunzwa. Mtu anayetafuta taarifa mwenyewe, anayejaza fomu yake na kuisaini, hakuwamo katika fikra za watungaji.

Huko nje, mtandao ulipokuwa ukienea, kundi la wataalamu chini ya shirika linaloweka viwango vya wavuti duniani lilianza mwaka 1997 kazi ya kueleza tovuti inayofikika ikoje. Mwongozo wao wa kwanza, WCAG, ulitoka Mei 1999. Kiini chake ni chepesi. Kila picha iwe na maelezo ya maandishi, kila kisanduku cha fomu kiwe na jina, na kila kitu kiweze kufanyika kwa kibodi bila kipanya. Rangi za maandishi nazo zitofautiane vya kutosha na usuli wake.

Mtihani wa kwanza mkubwa ulikuja Australia. Bruce Maguire, raia asiyeona, alitaka kutumia tovuti ya kamati iliyoandaa Michezo ya Olimpiki ya Sydney. Picha hazikuwa na maelezo, na kurasa za ratiba na matokeo hazikupitika. Alilalamika mwaka 1999. Kamati ikajitetea kwamba marekebisho yangegharimu fedha nyingi na muda mrefu. Agosti 2000 tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo iliukataa utetezi huo na kuagiza tovuti irekebishwe kabla ya michezo kuanza. Kamati haikutimiza agizo lote, ikatozwa dola 20,000 za Australia. Fedha hizo ni kidogo kwa Olimpiki. Lakini tangu siku ile, taasisi ya umma inayosema “ni ghali mno” imekuwa na hukumu ya kujibu.

Kwetu mambo yalikwenda kwa njia mbili zisizokutana. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilipitishwa 2003, na sera ya huduma na maendeleo kwa watu wenye ulemavu ikafuata 2004. Mwaka mmoja tu unazitenganisha, lakini zilitoka katika meza tofauti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ndio uliojaribu kuzikutanisha. Tanzania iliusaini Machi 2007 na kuuridhia Novemba 2009, miezi michache baada ya mkongo wa baharini wa SEACOM kutia nanga Dar es Salaam na intaneti kuanza kupungua bei. Ibara ya 9 ya mkataba huo inaitaja intaneti kwa jina, na inataka teknolojia ifikike tangu inapobuniwa, ili gharama iwe ndogo. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayochukua nafasi ya fikra za 1982 kwa lugha ya haki.

Kwa hiyo Wakala ya Serikali Mtandao ilipoanza kazi 2012, wajibu ulikuwa umekwisha andikwa. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ikaigeuza wakala hiyo kuwa Mamlaka, yenye meno zaidi juu ya mifumo ya taasisi za umma. Katikati ya hatua hizo, Machi 2017, tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa Dodoma kwa mkupuo. Ndiyo sababu ukifungua tovuti ya halmashauri moja unaona sura ile ile ya nyingine: zimejengwa juu ya kiunzi kimoja cha serikali. Nasisitiza hilo kwa kuwa ndilo tumaini kubwa zaidi tulilo nalo. Kosa lililomo katika kiunzi linarudiwa nchi nzima, na marekebisho yakifanywa katika kiunzi yanafika Kigamboni, Kigoma na Kilwa kwa pamoja.

Lakini kiunzi hakitoshi, kwa kuwa tatizo baya zaidi haliko humo. Liko katika mafaili yanayopakiwa. Angalia safari ya tangazo la kawaida la serikali: la kazi, la viwanja au la mikopo. Ofisa analichapa kwenye kompyuta, na hapo kila herufi inasomeka na mashine. Kisha linachapishwa kwenye karatasi, linasainiwa, linagongwa mhuri, linaskaniwa na kupandishwa kwenye tovuti. Kwa anayeona, ni lile lile tangazo, tena lina mhuri. Kwa asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini, hiyo ni picha tupu. Programu inatangaza kwamba kuna waraka, kisha inanyamaza. Maandishi yaliyokuwepo asubuhi kwenye kompyuta ya ofisa yamefutwa na utaratibu wa ofisi yenyewe.

Na vifaa vya kusomea vipo. Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianzisha mwaka 2006, na baadaye akaendeleza pamoja na mwenzake James Teh, naye asiyeona, programu ya NVDA, inayotolewa bure kwa yeyote mwenye kompyuta ya Windows. Simu za Android zina kisomaji chao. Sauti ya Kiswahili ya kompyuta pia ipo, ingawa ni kavu. Lakini ukurasa wa Kiswahili ulioandikwa katika msimbo wake kuwa ni wa Kiingereza husomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji haambulii kitu. Marekebisho yake ni herufi mbili ndani ya msimbo.

Viziwi nao wana lao. Video ya kiongozi isiyo na maandishi wala mkalimani wa lugha ya alama haiwaambii lolote. Na asiyeweza kushika kipanya hukwama kwenye menyu inayofunguka kwa kipanya peke yake.

Kinachotokea mtaani kinajulikana. Mwananchi anakwenda steshenari, anamkabidhi kijana wa dukani namba yake ya kitambulisho cha taifa, vyeti vyake na nywila yake, na kijana anajaza. Vijana hao wanasaidia wengi, nami siwalaumu. Lakini mtu mzima kulazimika kutoa siri zake zote kwa asiyemjua ili aombe kazi ya serikali ni udhalilishaji, hata kama kila mmoja ana nia njema.

Mikopo ya asilimia 10 inalionyesha jambo hili waziwazi. Sheria inazitaka halmashauri kutenga sehemu hiyo ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Baada ya utoaji kusitishwa 2023 na kurejeshwa 2024, maombi yanapitia mtandaoni. Fedha iliyotengwa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu ina mlango wa kidijitali, na mlango huo unapaswa kupimwa na yeye mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Wapimaji hawawezi kukosekana.

Jirani zetu wamesogea. Kenya ilitoa mwaka 2022 kiwango chake cha taifa cha ufikikaji wa bidhaa na huduma za TEHAMA. Mbali zaidi, Umoja wa Ulaya kwa agizo lake la 2016 unazilazimisha tovuti za taasisi za umma kutimiza masharti na kutangaza hadharani pale zinapopungukiwa.

Ninaamini Mamlaka ya Serikali Mtandao ina uwezo wa kuweka sharti kama hilo hapa, na kwamba SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, linapaswa kuketi mezani sharti hilo likiandikwa. Wakati hilo likisubiriwa, ombi langu kwa kila ofisa habari wa halmashauri, kuanzia Kigamboni, ni dogo na halina gharama: kando ya nakala yenye mhuri, pandisha pia lile faili ulilolichapa mwenyewe, kabla halijapita kwenye skana.