Zawadi Tamu na Asili Yake

Msomaji, ukisafiri kwa njia kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, baada ya kupita Sultan Hamud utafika Salama, mji mdogo wa Makueni ambao madereva wa malori wanaujua kuliko wachora ramani. Sikukuu zikaribiapo, wasafiri hushuka hapo wakanunua peremende na chokoleti, maana mtu arudiye kwao hapendi kuingia mikono mitupu. Yamkini wewe pia umewaza kutengeneza chokoleti kwa mikono yako mwenyewe, uwape wazazi na ndugu zako siku ya Krismasi au ya Idi. Wazo hilo ni jema. Lakini kabla hujateleka sufuria, nataka ujue zawadi hiyo imepita wapi hata ikakufikia.

Usidhani kwamba Ukambani ulingoja chokoleti ndipo ujue zawadi tamu. Tangu zamani Wakamba walichonga magogo wakatengeneza mizinga, ambayo kwa lugha yao huitwa miatu, wakaitundika juu ya miti. Juu ya mzinga ilitiwa alama ya ukoo, ili kila apitaye ajue ni wa nani. Na mwizi wa asali alihesabiwa kuwa mtu mbaya sana. Asali ilikuwa chakula, na dawa, na ndiyo iliyofanya pombe ya wazee iliyopelekwa kwa wakwe wakati wa kuposa. Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, akiwa mgeni wa mfanyaji biashara mashuhuri Kivoi, aliikuta nchi ya watu waliokuwa wamekwisha zoea kushuka pwani na pembe za ndovu na kurudi na nguo, shanga na shaba. Utamu wao, hata hivyo, haukutoka pwani. Ulitoka mitini kwao, na kila mtu aliujua mkono ulioutoa.

Pwani mambo yalikuwa mengine. Huko zawadi ya sikukuu ni halua, ipikwayo kwa sukari, wanga, samli na iliki, ikakorogwa kwa muda mrefu mpaka mkono wa mpishi uchoke. Na nyumbani akina mama hufanya kashata za nazi au za karanga. Ni vitu vizuri, nami sitamzuia mtu kuvila. Lakini sukari ya karne ya 19 ina habari zake. Katika bonde la mto Pangani yalikuwako mashamba makubwa ya miwa, na waliolima na kukata miwa hiyo walikuwa watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Unguja na Pemba utumwa uliondolewa katika sheria mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Basi walikuwako wazee walioonja halua ya Idi katika nyumba ambamo mkata miwa hakuwa mtu huru.

Na chokoleti je? Mti wa kakao asili yake ni Amerika, ambako watu wa Meksiko walikunywa kakao chungu karne nyingi kabla ya Wahispania kufika. Ulaya waliitia sukari. Mwaka 1828 Mholanzi van Houten alipata hati ya mashinikizo ya kukamua mafuta ya kakao. Mwaka 1847 kampuni ya Fry ya Bristol ikafanya chokoleti ya kutafuna. Na mwaka 1868 Richard Cadbury akaanza kuuza chokoleti katika masanduku mazuri yenye umbo la moyo. Hapo ndipo chokoleti ilipovaa nguo za sikukuu.

Jamaa ya Cadbury walikuwa watu wa dini, wapinzani wa utumwa, na wafanyakazi wao pale Bournville waliwajengea nyumba zenye bustani. Hata hivyo sehemu kubwa ya kakao yao ilitoka kisiwa cha São Tomé, kilichotawaliwa na Wareno. Watu walikamatwa katika bara la Angola, wakatiwa mkataba wasioufahamu, wakavushwa bahari, na karibu wote hawakurudi. Kwa jina waliitwa vibarua. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Nevinson alitoa kitabu akaeleza aliyoyaona. Kampuni ilikuwa imekwisha pata tetesi tangu 1901, ikamtuma mjumbe wake Joseph Burtt achunguze, naye akathibitisha. Lakini haikuacha kununua mpaka Machi 1909. Gazeti moja la London liliikejeli, kampuni ikalishtaki, ikashinda. Na baraza la wazee wa mahakama likaipa fidia ya senti ndogo kabisa ya Kiingereza, farthing moja. Pima mwenyewe, msomaji, hukumu ile ilimsifu nani.

Baada ya hapo wanunuzi waligeukia Ghana, iliyoitwa Gold Coast wakati huo, ambako wakulima wenyeji walikuwa wamekwisha panda kakao katika mashamba yao wenyewe. Tetteh Quarshie anakumbukwa kwa mbegu alizozileta kutoka Fernando Po mwaka 1879. Mambo hayakuishia katika heri tupu. Mwaka 2001 makampuni ya chokoleti yalitia saini mapatano ya kukomesha kazi mbaya za watoto katika mashamba ya Afrika ya Magharibi, na kazi hizo zingaliko.

Kakao iko kwetu pia. Hulimwa Kyela katika Tanzania, na Bundibugyo katika Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori. Biashara nyingi ya Uganda na ng'ambo hupitia bandari ya Mombasa. Kwa hiyo gunia la Bundibugyo lishukalo kwa lori kwenda baharini hupita mbele ya maduka yale yale ya Salama yauzayo chokoleti iliyopanda kutoka baharini. Kwa hiyo unaponunua kipande cha kuyeyusha, soma karatasi yake. Na ikiwa waweza kupata kilichofanywa kwa kakao ya Afrika ya Mashariki, chukua hicho, hata kikizidi bei kidogo.

Sasa teleka. Katakata chokoleti, weka theluthi yake kando, na iliyobaki itie katika bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, bila bakuli kugusa maji. Tone moja likiingia, chokoleti yote itaganda kama udongo. Ikiyeyuka, iondoe motoni, tia ile theluthi, koroga polepole mpaka ipoe, ndipo itakapong'aa na kukatika kwa mlio. Ndani weka karanga zilizokaangwa zikachanganywa na asali ya Kibwezi. Mafuta ya kakao huyeyuka kwa joto lililo chini kidogo ya joto la mwili, na chokoleti hulainika upesi penye joto. Basi fanya kazi yako alfajiri, iweke karibu na mtungi wa maji, na umwambie utakayempa aile siku ile ile.